Je, Wajua? Santuri ya dansi iliyotoka Stockholm

Je, wajua kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni ndogo ya santuri nje kidogo ya Stockholm ilitoa albamu nzima ya muziki wa dansi wenye asili ya Dar es Salaam? Albamu hiyo inaitwa Bado Kidogo. Nyota wake ni Patrick Pama Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, Dodoma, kiongozi wa bendi ya Afro 70. Wenzake studioni walikuwa Waswidi wa bendi iliyojiita Archimedes Badkar, yaani beseni la kuogea la Archimedes, yule Mgiriki wa kale anayesimuliwa kwamba alivumbua kanuni yake akiwa anaoga. Majina yote mawili, la Afro 70 na la Waswidi, yaliandikwa kwenye jalada. Baada ya hapo kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na bendi hiyo ya mataifa mawili ikabaki kuwa ya santuri moja.

Habari hii inastahili kujulikana zaidi ya inavyojulikana. Ukiuliza muziki wa Sweden, utatajiwa ABBA, kisha Ace of Base, kisha Dr. Alban, yule Mnigeria aliyesomea udaktari wa meno Stockholm na ambaye vibao vyake vilipigwa katika kila disko la Afrika Mashariki miaka ya 1990. Balisidya hatajwi. Na ukiuliza nani Ulaya aliyetoa mapema santuri za bendi zetu za dansi, watu huelekeza kidole London. Ukifuata miaka, kwa Dar es Salaam angalau, Stockholm ilitangulia.

Kwa wasomaji walioko huko, safari ya kwenda mahali ilipoanzia kampuni hiyo ni fupi. Ukiwa Vårby gård, mtaa wa maghorofa katika manispaa ya Huddinge, kusini-magharibi mwa jiji na karibu na ziwa Mälaren, unapanda treni ya chini ya ardhi ya njia nyekundu, namba 13. Katikati ya jiji unahamia namba 14 hadi Tekniska högskolan, na nje ya stesheni hiyo unachukua basi namba 670 linalokwenda Vaxholm, mji mdogo wa visiwani. Kampuni yenyewe ni MNW, kifupi cha Musiknätet Waxholm, ambayo huandika jina la mji wake kwa herufi W, kwa tahajia ya zamani.

Je, wajua kwamba Vårby gård na Afro 70 ni rika moja? Kati ya mwaka 1965 na 1974 serikali ya Sweden iliazimia kujenga nyumba milioni moja katika miaka 10, wakati nchi nzima ilikuwa na watu wapatao milioni 8. Mpango huo uliitwa Miljonprogrammet, na maghorofa ya Vårby gård ni sehemu yake. Katikati ya kipindi hichohicho, mwaka 1970, Balisidya aliunda bendi yake Dar es Salaam na kuipa jina la mwongo uliokuwa unaanza. Leo wakazi wengi wa Vårby gård wana asili ya nje ya Sweden, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazosikika kwenye njia hiyo nyekundu.

Balisidya hakuwa mtu wa kawaida katika dansi. Wakati bendi nyingi za Tanzania zilikuwa mali ya mashirika ya umma, jumuiya ya wafanyakazi au majeshi, yeye alikuwa na bendi yake mwenyewe. Alipitia Dar es Salaam Jazz Band kabla ya kuanzisha Afro 70, na mtindo wao uliitwa Afrosa. Alipiga gitaa na kinanda, aliimba, alitunga. Vibao kama Weekend na Dirishani vilimweka kwenye midomo ya watu, lakini kilichomfanya aishi hadi leo ni Harusi. Wapo vijana wanaoucheza wimbo huo ukumbini, bibi harusi akiingia, bila kujua aliyeutunga ni nani. Mimi naliona hilo kuwa deni letu kwake. Mtunzi ambaye wimbo wake unafungua maelfu ya ndoa anastahili jina lake litajwe na mshereheshaji walau mara moja.

Sasa, kwa nini mtu wa namna hiyo aende Sweden kurekodi? Hapa panahitaji maelezo marefu kidogo.

Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikarushwa hewani, na nchi nzima ikazijua. Lakini kama ulitaka santuri yenyewe, ile ya kushika mkononi na kuuza dukani, njia ilikuwa Nairobi. Huko ndiko kulikokuwa na viwanda, maduka ya jumla ya santuri na kampuni za kurekodi. Santuri za Afro 70 za nyimbo mbilimbili, moja kila upande, zilitoka kwa njia hiyo. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulikaa hivyo hadi mwaka 1983. Mwaka 1978 vita vya Kagera vikaanza, na fedha za kigeni zikawa adimu. Nyuzi za gitaa, vipaza sauti, ngozi za dramu, vyote viliagizwa kutoka nje. Naamini mtu hawezi kuielewa Bado Kidogo bila kuuona mpaka huo uliofungwa: kwa mwanamuziki wa Dar es Salaam, Nairobi ilikuwa imegeuka kuwa mbali kuliko Stockholm.

Na Sweden ilikuwa karibu kwa sababu nyingine. Nchi za Nordiki zilianza mradi wa Kibaha mwaka 1963, zikajenga shule, hospitali na kituo cha mafunzo ya kilimo, na mwaka 1970 zikaukabidhi kwa Tanzania. Olof Palme, kiongozi wa Sweden, na Mwalimu Nyerere walielewana kisiasa, hasa kuhusu ukombozi wa kusini mwa Afrika. Walimu, wahandisi na madaktari wa Kiswidi waliishi Tanzania kwa miaka, wakarudi kwao na santuri, khanga na maneno ya Kiswahili. Ukienda Stockholm na jina la Tanzania, hukuwa mgeni wa kuelezwa upya.

Je, wajua kwamba wanamuziki wa kundi la akina Archimedes Badkar waliandamana dhidi ya shindano la nyimbo ambalo nchi yao ilikuwa imeshinda? ABBA walishinda Eurovision mjini Brighton, Uingereza, Aprili 1974. Kwa kanuni, Sweden ikawa mwenyeji mwaka uliofuata, na shindano likafanyika Machi 1975 huko Älvsjö, kusini mwa Stockholm. Vuguvugu la wanamuziki wa mrengo wa kushoto, ambalo Waswidi huliita progg, likapanga tamasha lake mbadala. Hoja yao ilikuwa kwamba muziki si bidhaa ya kupangiwa na wafanyabiashara, na kwamba watu wa kawaida wana haki ya kuupiga na kuumiliki. Mwaka 1976 Sweden haikushiriki kabisa Eurovision. MNW ilikuwa moja ya ngome za vuguvugu hilo, na Archimedes Badkar walikuwa miongoni mwa bendi zake. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1975, ya pili mwaka 1976, ya tatu mwaka 1977. Walichanganya muziki wa kijijini kwao na wa Afrika, Uturuki na India. Christer Bothén, mpiga saksafoni aliyepiga nao, alikuwa amekwenda Mali kujifunza kinubi cha wawindaji kinachoitwa donso ngoni. Bengt Berger, mpiga dramu, alisoma ngoma India na Ghana. Hawa hawakuwa watu wa kumwambia Balisidya apunguze dansi ili Wazungu waelewe. Walikuwa wamezoea kukaa chini ya mwalimu.

Matokeo yake ni albamu ambayo ndani yake gitaa la Dar es Salaam linasimama bega kwa bega na pumzi za watu waliolelewa kwenye jazi. Mshabiki wa Afrosa atatambua mwendo. Mshabiki wa jazi atatambua uhuru wa wapulizaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Archimedes Badkar wakasambaratika.

Je, wajua mmoja wa waasisi wao alifanya nini baadaye? Per Tjernberg, mpiga kinanda na ngoma, alibadili jina la kisanii akajiita Per Cussion, na mwaka 1983 akatoa singo iitwayo Don't Stop pamoja na rapa aliyejulikana kama Grandmaster Funk. Inahesabiwa kuwa santuri ya kwanza ya rapu kutengenezwa Sweden. Leo rapu ndiyo sauti ya mitaa ya Miljonprogrammet, kuanzia Rinkeby hadi Vårby gård, na miongoni mwa wanaosikika sana ni vijana wenye asili ya Pembe ya Afrika, kama mwimbaji wa R&B Cherrie wa Rinkeby ambaye familia yake ni ya Kisomali. Sidai kwamba Balisidya aliwafundisha rapu. Ninachosema ni kwamba bendi iliyompokea mwana wa Dodoma ilitoa pia mtu aliyewafungulia mlango marapa wa Sweden, na ukoo huo wa muziki haujasimuliwa ipasavyo kwa Kiswahili.

Tuvuke bahari twende Uingereza, maana huko bendi za kupita zilikuwa nyingi, na moja yake ilibebwa na binti wa Stockholm.

Neneh Cherry alizaliwa Stockholm tarehe 10 Machi 1964. Mama yake, Moki, alikuwa msanii wa vitambaa, Mswidi. Baba yake, Ahmadu Jah, alitoka Sierra Leone, akaja kusoma, na akawa mpiga ngoma anayeheshimika Sweden. Baba wa kambo alikuwa Don Cherry, mpiga tarumbeta wa jazi kutoka Marekani, yuleyule aliyejifunza donso ngoni kwa Christer Bothén. Kwa hiyo nyumba aliyokulia Neneh na studio za Archimedes Badkar zilikuwa za majirani wa muziki. Akiwa bado kijana mdogo alihamia London, akajiunga na Rip Rig + Panic, bendi yenye asili ya Bristol iliyochanganya fanki, jazi na fujo za panki. Bendi hiyo ilitoa albamu tatu: ya kwanza mwaka 1981, ya pili mwaka 1982, ya tatu mwaka 1983. Kisha ikafa. Waliobaki walijaribu kuendelea kwa jina la Float Up CP, nalo halikufika mbali. Miaka mitano baada ya kifo cha Rip Rig + Panic, mwaka 1988, Neneh alitoa Buffalo Stance, ikafika namba 3 Uingereza na baadaye namba 3 Marekani. Aliiimba kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops akiwa mjamzito wa miezi mingi, jambo lililowashangaza watazamaji wa wakati huo.

Je, wajua kwamba Rip Rig + Panic na Orchestra Makassy ya Dar es Salaam zilikuwa chini ya kampuni moja? Virgin, iliyotoa santuri za bendi ya Neneh, ndiyo iliyotoa mwaka 1982 albamu ya Makassy iitwayo Agwaya, iliyorekodiwa Nairobi. Mwaka uliofuata ikatoa Kaloye ya bendi ya Super Mazembe. Ndiyo kusema London iliingia kwenye dansi letu miaka michache baada ya Vaxholm, ikiwa na fedha nyingi zaidi na subira ndogo zaidi. Makassy haikudumu. Wanamuziki wake walitawanyika, na muziki wa wawili kati ya waliopita humo ulifika Uingereza kwa njia tofauti. Remmy Ongala, aliyetoka mashariki mwa Kongo, alibaki Dar es Salaam, akajiunga na Matimila, na mwaka 1989 akatoa Songs for the Poor Man kupitia Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Wa pili ni Mose Se Sengo, maarufu kama Fan Fan, mtunzi wa Dje Melasi aliyekuwa mpiga gitaa wa Franco katika OK Jazz. Huyu alikuwa na bendi moja iliyozaliwa zaidi ya mara moja: Somo Somo ilianza Kinshasa katikati ya miaka ya 1970, ikaja Afrika Mashariki, ikafa, na miaka ya 1980 akaifufua London akiwa na Waingereza ndani yake, ikatoa albamu mwaka 1985. Fan Fan alifariki Nairobi mwaka 2019, akiwa bado kwenye kazi ya kurekodi.

Kabla ya wote hao, kulikuwa na Matata. Hawa walikuwa vijana wa Kenya waliopiga fanki na kwenda London mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walirekodi na kampuni ya President Records, na albamu yao Independence inatafutwa hadi leo na wakusanyaji wa santuri. Haikupita miaka mingi, bendi ikawa haipo.

Lakini ukitaka maisha mafupi kuliko yote, ni M/A/R/R/S. Bendi hiyo ya Uingereza ilitoa singo moja tu maishani mwake, nayo ikashika namba 1. Mwaka 1987 mkurugenzi wa kampuni ya 4AD alizikutanisha bendi zake mbili, Colourbox na A.R. Kane. Jina M/A/R/R/S ni herufi za mwanzo za majina ya washiriki watano: Martyn, Alex, Rudy, Russell na Steve. Alex Ayuli ana asili ya Nigeria, na Rudy Tambala ana asili ya Malawi, jirani yetu wa ziwani. Pande hizo mbili hazikupatana. Mwishowe kila upande ulifanya wimbo wake, upande wa kwanza wa santuri ukawa Pump Up the Volume wa akina Colourbox, na wa pili ukawa Anitina wa akina A.R. Kane. Wimbo wa kwanza ulishonwa kwa vipande vya santuri za watu wengine, kazi iliyofanywa na ma-DJ wawili, Chris Mackintosh na Dave Dorrell. Miongoni mwa vipande hivyo kulikuwa na sauti ya sekunde chache kutoka wimbo wa watayarishaji Stock, Aitken na Waterman, nao wakaenda mahakamani, usambazaji ukasimamishwa kwa muda. Kesi iliishia kwa suluhu nje ya mahakama. Na hapa ndipo pa ajabu: Oktoba 1987, Pump Up the Volume ilipopanda kileleni, ilimwondoa Rick Astley, ambaye wimbo wake ulitayarishwa na walewale waliofungua kesi. Ulikaa kileleni wiki mbili. Baada ya hapo M/A/R/R/S haikutoa kitu kingine, na nyumba za disko Ulaya hazikurudi zilivyokuwa.

Mwaka huohuo wa 1987, mwezi Juni, wenye kampuni ndogo za santuri walikutana kwenye baa moja ya Islington, London, wakajadili maduka yaweke wapi santuri za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wakakubaliana kuandika "world music" kwenye rafu. Kuanzia hapo muziki wa Remmy ulikuwa na kabati lake. Bado Kidogo ilikuwa imetoka miaka kadhaa kabla ya kabati hilo kuwepo, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kupotea kwake: ilikuwa ya dansi mno kwa rafu ya wasikilizaji wa progg, na ya Kiswidi mno kwa soko la Kariakoo.

Balisidya alifariki mwaka 2004. Kuna mfano wa nini kinawezekana bado. Sunburst, bendi nyingine ya Dar es Salaam, iliishi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976 tu, na albamu yake Ave Africa ilirekodiwa Zambia mwishoni mwa uhai wake. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ilikusanya rekodi zake zote ikazitoa upya, na watu wa miaka 20 wakaanza kuisikiliza bendi iliyovunjika kabla wazazi wao hawajaoana. Iliwezekana kwa sababu nyimbo zilikuwepo mahali, na walikuwepo watu wa kueleza nani alipiga nini.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu kuna santuri au kanda ya Afro 70, Makassy, Sunburst au bendi yoyote ya dansi, usiitupe pamoja na redio mbovu. Muulize mzee aliyeinunua ni nani aliyepiga gitaa, nani besi, ilipigwa ukumbi gani, mwaka gani. Yaandike majina hayo kwenye karatasi na uiweke ndani ya jalada wiki hii, wakati anayejibu bado yupo.